Wageni waelezwe kuhusu barabara na fedha

Mhariri,

Wageni wanaokodi gari hapa Kisumu, hasa wanaotoka Marekani na Ufaransa, husimuliwa uzuri wa machweo ya Ziwa Victoria, lakini ni nadra kukumbushwa kwamba Kenya huendeshwa kushoto, na kwamba kasi mjini haipaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Hofu yangu kubwa ni barabara ya Nakuru kupitia Kericho, ambako ukungu wa Mau Summit, matuta na malori mazito humchanganya hata mwenyeji, sembuse mgeni anayesafiri usiku. Kuhusu fedha, asajili laini ya simu kwa pasipoti na afungue M-Pesa, kwani wauza samaki wengi hawana mashine ya kadi. Nawasihi wakodishaji wamweleze haya kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Msomaji,
Kisumu