Kitanda cha sleji si fasheni ya jana

Mhariri,

Kando ya Barabara ya Ngong, vitanda vya sleji, ambavyo mchago wake na upande wa miguuni vimepinda nje kama gari la kuteleza thelujini, huuzwa kama fasheni mpya, ilhali umbo hilo lilishamiri Ufaransa enzi za Napoleon, mwanzoni mwa karne ya 19, likichongwa kwa mahogani na kuegemezwa ukutani kwa ubavu, ncha zote mbili zikilingana kimo. Wamarekani nao walilipenda mno.

Changu kilipochanika ngozi yake ya bandia, nilikuta mkunjo wote ni sponji na mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari. Naomba mafundi wamweleze mnunuzi kilichomo ndani kabla hajalipa.

Msomaji,
Nairobi