Barua kwa Neema kuhusu Wayahudi wa Mbale

Nairobi

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, na watoto wanakusalimu shangazi yao.

Nimefurahi kusikia kwamba kazi inakupeleka Mbale. Umeniuliza kama ni kweli kuna Wayahudi kule, na kama ni Wazungu waliobaki tangu ukoloni. Wapo, ndugu yangu, lakini ni Waafrika wa pale pale, wengi wao wakulima, na wanaitwa Abayudaya. Jumuiya ya hapa Nairobi ndiyo iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kiyahudi, mwaka 1904. Ile ya Mbale ilianza kwa Biblia tu.

Aliyeifungua alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitarajia wamtawaze huko, wasimtawaze. Akajitenga nao, akawa mtu wa kusoma Maandiko, na kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyozidi kuona kwamba amri zile bado zinamdai. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Husimuliwa kwamba alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu: basi na sisi ni Wayahudi. Neema, hapo ndipo moyo wangu hunaswa kila mara. Hakutumiwa rabi wala mmisionari wa dini hiyo. Mwaka uliofuata ndipo alipopita Myahudi mmoja, wanamkumbuka kwa jina la Yosefu, akawafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Waliobaki wakaendelea wenyewe, mbali na Wayahudi wengine wote.

Kisha akaja Idi Amin. Akapiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa usalama. Wachache walishikilia, wakisali kwa siri. Sasa sikiliza hili, wewe ambaye wajomba zako walikwenda vita vya Kagera. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliitwaa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyofungua Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Ukifika kule watajie wajomba. Nina hakika utapokelewa kama wa nyumbani.

Tangu hapo wamejijenga upya, vijana wakiwa mbele. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walifika na kuwapokea rasmi wengi wao katika dini. Gershom Sizomu, mtoto wa jumuiya hiyo, alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi nyumbani kufundisha wengine. Mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Mwaka huo huo walifungua sinagogi jipya kwenye kilima cha Nabugoye. Wapo pia wanaofuata mkondo mkali zaidi wa dini, kijijini Putti, kwa hiyo usidhani wote wana msimamo mmoja.

Ukiniuliza kazi yao ni nini, nitakwambia ni kuishika Torati bila kuwapa jirani kisogo. Wana shule, na Mbale mjini wana kituo cha afya. Huko hawahudumii Wayahudi peke yao. Mwaka 2004 mkulima wao, J. J. Keki, aliwaendea majirani Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, wakaunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera. Watu waliowahi kufungiwa nyumba zao za ibada wangeweza kujifungia na uchungu wao. Hawa waliamua kuuza mavuno pamoja, na mimi nawaheshimu sana kwa uamuzi huo.

Ukiweza, omba ruhusa uhudhurie ibada ya Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Wanaimba Zaburi kwa Kiganda na Kiebrania, kwa tuni walizozitunga wenyewe. Vaa gauni refu, na simu iache chumbani, maana Sabato si siku ya picha.

Niandikie ukishafika, unieleze wanavyoimba. Wasalimie Mama na wadogo zako wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mariamu