Barua kwa Kulwa: nataka kutoka kwenye bima

Nyegezi, Mwanza
Jumapili usiku

Kulwa ndugu yangu,

Mwangaluka! Huku ni usiku, ila najua utaisoma asubuhi. Sote wazima. Mama Doto anakusalimu na anauliza utakuja lini kula sato. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Nilikuwa na jambo lisilosemeka kwa meseji.

Nataka kutoka kwenye bima. Nataka benki ya uwekezaji kama uliko wewe, kule wanakoandaa mauzo ya hisa, wanakopanga hatifungani, yaani mikopo ambayo taasisi inakopa kwa wawekezaji na kuwalipa riba, wanakokaa na mwenye kampuni wakamwambia mali yake ina thamani gani. Wiki iliyopita nilipiga simu ofisi moja huko Dar kuomba fildi. Dada aliyepokea akauliza nasoma nini. Nikasema bima na usimamizi wa vihatarishi, mwaka wa pili. Akasema, "Sisi tunachukua watu wa fedha na uhasibu," akakata. Kulwa, iliniuma. Bado inaniuma.

Maana mwaka jana, nilipokuwa kwa yule wakala karibu na Mwaloni Kirumba, alikuja mzee mmoja kudai fidia ya injini ya mtumbwi. Fomu imelowa, magamba ya dagaa yanang'aa pale pa kuweka sahihi. Tulikaa saa nzima. Injini ina umri gani, karabai ngapi, mafuta ya usiku mmoja ni kiasi gani. Akaniambia siku za mbalamwezi hawatoki, kwa hiyo kila mwezi ana siku ambazo hakuna hata senti, na mkopo haujui mbalamwezi. Nikachora kwenye daftari fedha zake zinaingia lini na nini kinaweza kuzizuia. Sasa niambie, wewe uliye ndani, hiyo si ndiyo kazi yenu?

Chukua hatifungani ya mamlaka ya maji ya Tanga ya mwaka 2024. Miaka 10, riba asilimia 13.5, wakitafuta shilingi bilioni 53.12. Nimeigeuza kila upande. Kwa kiwango hicho, milioni moja utakayoipata baada ya miaka 10 leo ina thamani ya kama shilingi 282,000. Hesabu hiyo kwenye bima tunaifanya kila wiki. Halafu linakuja swali kubwa: watu wasipolipa bili za maji itakuwaje? Pampu zikiharibika? Hayo ndiyo tuliyofundishwa kuuliza, tena kabla ya kuuliza faida.

Sisemi najua kila kitu. Kujenga hesabu ya kampuni nzima kwenye Ekseli bado kunanishinda, na mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni, naisoma polepole. Nimeanza na hesabu za Twiga Cement kwa sababu saruji naielewa, tumejenga nyumbani. Tena nataka kufanya ile kozi ya cheti ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, nikimaliza chuo, hata kama ada itabidi niidundulize.

Baba sijamwambia. Yeye akisikia bima anaona mshahara, na ukikumbuka alivyouza ng'ombe wale wawili... basi, hilo tutaongea ukija.

Lakini yule dada hata jina langu hakuuliza. Ningepewa dakika tano tu, ningemweleza habari za yule mzee.

Sasa nikuombe. Barua za fildi zinatakiwa chuoni mwisho wa mwezi. Je, bosi wako anaweza kunisikiliza, hata kwa simu? Nimwandikie mimi au umdokeze wewe kwanza? Una waraka wa matarajio wowote wa zamani, ule wa kuwaeleza wawekezaji kinachouzwa, unaoweza kunitumia nijifunzie? Hapo ofisini yupo hata mmoja aliyetokea bima? Na nikipata, kwa shangazi yako Mbagala bado kuna nafasi, au Doto alishahamia?

Nipigie Jumatano baada ya saa mbili usiku, nitakuwa nimetoka darasani.

Wako,
Masanja