Jumamosi, na hili suala la kupaliwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Jumamosi mimi nanyi mnaouguza wazee waliopata kiharusi tunakutana saa nne asubuhi, palepale. Mje na wazee kama hali inaruhusu, na msisahau miwani, meno ya bandia na vifaa vyao vya kusikia. Nikimpima mzee usemi bila hivyo, napima kitu kingine kabisa.

Wengi mmeniuliza faragha kuhusu kupaliwa baada ya kiharusi. Mara nyingi maji ndiyo mtihani kuliko uji mzito: yanakimbia kooni kabla misuli iliyolegea haijaziba njia ya hewa. Mzee akikohoa kila anywapo, au sauti ikawa na majimaji baada ya chai, nipeni habari mapema. Kinachopotea njia kikaingia mapafuni huweza kuleta nimonia, na wapo wanaopaliwa kimya kimya bila hata kukohoa. Kwa sasa akae wima, kichwa kisilale nyuma, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe hadi nusu saa ipite. Akisinzia, acheni kumlisha. Kinywa kisafishwe hata kama analishwa kwa mpira wa kupitishia chakula. Unga wa kuongeza uzito wa vinywaji msinunue kwanza, hilo tuamue nikishamwona.

Kwa anayeelewa ila maneno hayatoki: si kiziwi jamani, msimpigie kelele. Muulize “chai au uji?” huku ukimwonyesha, kisha subiri. (Wajukuu wanaliweza hili kuliko sisi.)

Mwenye kiti cha magurudumu anijulishe kabla ya Ijumaa, nimwambie mlinzi afungue geti la nyuma.