Salimu, ufito ule usiununue

Swahiba Salimu,

Salamu sana, na shemeji umfikishie zake. Nimesikia watoto wamekwishazoea shule, alhamdulillahi. Mengine ya kuulizana nayaacha chini, maana picha uliyonitumia jana usiku, ya ufito unaotaka kuununua wa kuvulia samaki kwenye tundu la barafu, imeniondolea usingizi, na nataka maneno haya yakufikie kabla hujarudi dukani Jumamosi.

Ufito ule si wa samaki unaowataka. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya mpini: inchi 36, herufi MH, yaani mgumu kiasi, na mshipi wa kuhimili paundi 8 hadi 14. Huo ni wa kuvulia paiki na trauti wakubwa wa ziwani. Wewe umesema unataka blugili na krapi, samaki wa kikaango. Blugili ana umbo la perege, bapa na mdomo mdogo, na ukimpata wa inchi 8 umepata samaki mzuri. Ukimfuata na ufito mgumu namna ile atavuta chambo, ataonja, atatema, na mkononi mwako hutasikia chochote. Muuzaji kakwambia hauvunjiki. Sawa, ni kweli. Lakini samaki hawa hawavunji ufito; shida yao ni kwamba hawasikiki.

Maji ya chini ya barafu ni baridi, na samaki amepunguza mwendo wa kila kitu, hata wa kula. Blugili hafukuzi chambo. Anasogea, anakitazama, kisha anakifyonza pamoja na maji, na asipokipenda anakipuliza nje papo hapo. Krapi ana tabia nyingine: mara nyingi hula akitokea chini kwenda juu. Akishakishika chambo anapanda nacho, kwa hiyo mshipi hauvutwi, unalegea. Asiyejua husubiri kuvutwa, na havutwi asilani. Ndiyo maana nakwambia jambo la kwanza kulitazama kwenye ufito ni ncha. Ncha kwanza, halafu urefu, halafu rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Bei na rangi vije mwisho kabisa.

Kwa hiyo tafuta ulioandikwa UL, yaani mwepesi sana, au L, mwepesi, kama UL imekwisha. M, wa kati, na MH ziache zikae rafuni. Ila usiamini herufi peke yake, kwa sababu kila kiwanda kina kipimo chake, na UL ya mmoja ni L ya mwenzake. Upime mwenyewe. Nunua kwanza jigi ya tangsteni ya milimita 4, ni kandoana kenye kichwa kizito cha duara, uzito wake kama gramu moja. Ifunge kwenye kipande cha mshipi wa paundi 3, upitishe mshipi kwenye pete ya nchani, uache jigi ining'inie kama shibiri moja, na sehemu iliyobaki uibane kwa kidole kwenye mpini. Ushike ufito sawa, umelala, na utazame ncha tu. Ikikaa imenyooka kama vile haijabeba kitu, ni ngumu mno, urudishe. Ikinepa kidogo, inchi moja au mbili hivi za mwisho zikainama, hiyo ndiyo. Ikinepa mpaka katikati ya ufito, huo ni laini mno kwa kuchezeshea jigi, ingawa una kazi nyingine nitakayokutajia.

Sasa fanya la pili. Kwa kidole cha mkono wa pili, inua jigi taratibu kutoka chini, nusu inchi tu. Ncha iliyokuwa imeinama lazima inyanyuke ikanyooka, na uione waziwazi. Huyo ndiye krapi anayepanda na chambo, Salimu. Ufito ambao hauwezi kukuonyesha hilo dukani kwenye taa hautakuonyesha ziwani na theluji inakupiga machoni. Nyingine huja na kispringi chembamba cha chuma nchani, chenye kishanga chekundu mwisho. Kinafanya kazi hiyohiyo na kinaonyesha hata mguso mdogo, ila hushika barafu upesi. Kama unakaa hemani na jiko dogo la moto, kinafaa sana. Nje kwenye upepo nakishauri kidogo tu.

Jambo la tatu kwenye kipimo: mwambie muuzaji ashike mshipi, avute pole pole kwenda chini. Theluthi ya juu ipinde kwanza, kisha ufito ukaze ukifika katikati. Hapo katikati ndipo penye nguvu ya kumshikiza samaki. Usiwahi kuupinda kwa kushika ncha kwa vidole, hata dukani. Fito nyingi huvunjikia hapo. Na ukishampata samaki, usimpige kwa nguvu. Inua kiganja tu. Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba mno, na ukimpiga kwa ufito mgumu ndoana inapasua njia yake na kutoka. Hii nayo ni sababu nyingine ya kuuacha ule wa kwenye picha.

Urefu: inchi 28 zitakufaa. Barafuni mshipi haurushwi, unashushwa wima tunduni, kwa hiyo urefu hauna faida ya masafa. Ndani ya hema, ufito wa inchi 36 utagonga fito za paa kila unapoinua mkono, na utalazimika kukaa mbali na tundu, wakati unatakiwa uwe juu yake ukiutazama mshipi. Mwinyi anapenda wa 34 kwa kuwa yeye husimama nje siku nzima akihama tundu hadi tundu, na kwa hivyo ana haki. Lakini wewe una hema, tena la watu wawili.

Kuhusu kilichotengenezea ufito, faibaglasi na grafaiti zote zinafaa. Grafaiti ni nyepesi na hupeleka mguso mkononi upesi zaidi. Faibaglasi hunepa vizuri na huvumilia kugongwa. Kwa mtu anayetembea na watoto kwenye kisleji, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji, mimi ningechukua faibaglasi iliyo ngumu ndani, isiyo na uwazi. Mpini uwe wa kizibo au wa sponji. Chuma tupu kwenye nyuzi joto 15 chini ya sifuri kitakuchoma viganja. Zitazame pia pete. Pete ndogondogo nyingi hujaa barafu haraka, kwa hiyo chagua wenye pete chache na zenye nafasi. Zikiganda, usizibane kwa vidole wala kwa koleo. Chovya ncha kwenye maji ya tundu kwa sekunde chache, barafu itaachia yenyewe. Kabla ya kulipa, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete: ikinasa uzi wa pamba, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wako kidogo kidogo mpaka siku ya samaki mkubwa.

Rili usiitolee pesa nyingi. Kwa maji ya futi 10 au 20, kazi yake ni kuhifadhi mshipi na kulegea samaki akikimbia. Kama una dola 60, weka 40 kwenye ufito. Rili ndogo ya namba 500 inatosha. Uchungu wake ni mmoja: rili ya kawaida huusokota mshipi, na jigi ikifika chini inazunguka polepole bila kukoma. Blugili anakisogelea chambo, anakiona kinazunguka, anageuka. Utaona kwenye mashine ya sona, ile inayoonyesha samaki walio chini ya maji, wanakuja na kuondoka, utadhani hawana njaa. Dawa ni kuweka kiungo kidogo cha kuzunguka kama inchi 18 juu ya jigi, au kuchukua rili ya duara ambayo mshipi hutoka umenyooka. Na mafuta mazito ya kiwandani hugandia ndani ya rili kwenye baridi, mpini ukawa mgumu kuzungusha. Yasafishe, utie tone la mafuta mepesi ya baridi.

Mshipi wenyewe: nailoni au florokaboni, paundi 2 hadi 4, anza na 3. Ule wa kusokotwa hunywa maji na kuganda, hauna maana nje ya hema. Kabla ya kushusha, toa mshipi urefu wa mikono kadhaa na uuvute taratibu ili mikunjo ya rili iondoke. Mshipi wenye mikunjo ni kama huna ncha kabisa, kwa maana samaki akigusa, mikunjo ndiyo inayonyooka na ncha haipati habari. Breki ya rili iwe legevu kiasi kwamba ukivuta kwa mkono itoe bila kusita, kwa sababu siku moja paiki atapita na kuichukua jigi ya blugili, na mshipi wa paundi 3 hauna ubishi naye.

Chambo ni funza weupe wa nondo wa nta, mmoja kwa ndoana namba 12 au 14. Mshike pembeni, usimtumbue.

Nilikuahidi habari ya ufito laini mno. Jimbo la Minnesota linakuruhusu mishipi 2 wakati wa barafu, wakati majira mengine ni 1 tu. Wa kwanza ndio huu wa kuchezesha jigi mkononi. Wa pili ukae kwenye kishikilio na kisamaki hai chini yake, bila kuguswa, kwa ajili ya krapi. Huo ndio unaofaa uwe laini unaonepa mpaka katikati, maana krapi akikichukua kisamaki hataki kusikia ugumu wowote. Kwa hiyo pesa ya ufito ule mmoja mkubwa itakununulia miwili inayofaa, na bado utabaki na ya funza.

Ukishavinunua, nunua na mkoba mgumu wa kubebea. Fito nyingi hazivunjwi na samaki. Huvunjwa na mlango wa gari, au keekee ya kutobolea barafu ikitupwa juu yake kwenye kisleji, au mtu kuvuta rili mpaka jigi igonge pete ya nchani. Acha jigi inchi chache chini ya ncha, kila mara. Na samaki umwinue kwa kushika mshipi karibu na tundu, usimnyanyue kwa ufito uliosimama wima.

Leseni: mwenye miaka 16 na zaidi anaihitaji. Ukishatimiza siku 60 za ukazi unalipa bei ya mkazi, na wewe umekwishapita. Blugili na wenzake wa jamii ile ni 20 kwa siku, krapi 10, ila yapo maziwa yenye idadi ndogo zaidi, kwa hiyo soma masharti ya ziwa kwa jina lake. Barafu mpya iliyo safi iwe na unene wa inchi 4 ndipo upande kwa miguu. Nyeupe iwe maradufu. Usiamini ya jana, toboa na upime kila unaposogea. Vyuma vya kujivutia ukitumbukia majini uvae shingoni, na ukiwasha jiko la moto hemani acha tundu la hewa wazi. Haya nayasema kwa haraka kwa sababu najua Mama Zuhura amekwishakusomea yote.

Sasa niambie. Unakusudia kuanzia ziwa la Medicine Lake, hapo Plymouth ulipo, au Mwinyi kakuvuta kwake? Hema lako lina futi ngapi kwenda juu? Watoto watakuja, na kama watakuja, ni wawili au yule mdogo mtamwacha na shemeji? Rili ya Mwinyi umeishaiona, ni ya duara au ya kawaida? Na risiti ya ufito ule, usiniambie umekwishaulipia. Kama ndivyo, wanarudisha kwa siku ngapi? Nijulishe upesi.

Wako,
Hamadi