Harambee ya Maabara: Mizani Nane, Mawe Mawili ya Kweli na Meza Isiyotikisika

Ndugu wazazi na walezi, wahitimu wetu wa karibu na wa mbali, na majirani wote wa shule yetu hapa nyanda za juu kusini,

Tunawaomba shilingi 3,940,000 za kuweka mizani katika maabara yetu ya sayansi. Hapa chini tumeeleza kila shilingi inakwenda wapi, na kwa nini tumechagua mizani za aina hii na si nyingine. Tunataka anayechangia ajue ananunua nini, na mwenye ujuzi zaidi yetu atukosoe kabla hatujalipa.

Kwa sasa maabara ina mizani moja ya mihimili mitatu, ile ya kusogeza vitelezi kwa mkono. Darasa la wanafunzi 40 likigawanywa watano watano linatoa makundi 8. Chukueni jaribio la kuunguza utepe wa metali ya magnesi. Kila kundi linapaswa kupima mara 4: kijungu cha kauri na kifuniko chake kikiwa kitupu, kikiwa na magnesi ndani, baada ya kuunguza, na tena baada ya kupasha moto mara ya pili ili kuhakikisha uzito haubadiliki. Hata kila upimaji ukichukua dakika 2 tu, foleni inakula dakika 64 kati ya dakika 80 za vipindi viwili vilivyounganishwa. Katika hali hiyo upimaji wa mwisho huachwa, na makundi ya nyuma hunakili namba za kundi la kwanza. Mwanafunzi anamaliza Kidato cha Nne akijua jibu la kitabuni bila kuwahi kulipata kwa mkono wake.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni idadi: mizani 8 za mezani, moja kwa kila kundi. Nne ziwe za kielektroniki, zenye kusoma hadi gramu 0.01 na kubeba gramu 500 au 600. Nne ziwe za mihimili mitatu, zenye kusoma hadi gramu 0.1 na kubeba gramu 610.

Wapo watakaouliza kwa nini tusinunue mizani za jikoni, ambazo ni rahisi na zipo kila duka. Jibu liko kwenye bureti, ule mrija wenye alama wa kudondoshea kimiminika. Ili kutengeneza myeyusho wa sodiamu kaboneti wa moli 0.1 kwa lita, katika chupa ya mililita 250, zinahitajika gramu 2.65 za unga usio na maji. Mililita 25 za myeyusho huo zikidondoshewa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita, rangi ya kiashiria inapaswa kugeuka bureti ikifika mililita 25.0. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima itaonyesha 3, na ikiwa kweli zimeingia gramu 3.00, rangi itageuka kwenye 28.3. Mwanafunzi aliyefanya kila kitu sawasawa atapata jibu baya, naye atadhani kosa ni lake. Kwa mizani inayosoma gramu 0.1, kosa la nusu ya kipimo, yaani gramu 0.05, linasogeza bureti karibu nusu mililita. Kwa mizani ya gramu 0.01, kosa la nusu ya kipimo, yaani gramu 0.005, linasogeza mililita 0.05, na hapo ndipo jicho la msomaji wa bureti linapoishia. Hatuhitaji zaidi ya hapo. Mizani inayosoma gramu 0.0001, ile yenye kijumba cha vioo, ingepotea bure kwetu: bureti haiwezi kuifuata, pumzi ya mtu inaitikisa, na bei ya moja inaweza kumeza makisio yote haya. Mizani ya namna hiyo shuleni huishia kufungiwa kabatini.

Turudi kwenye magnesi. Utepe wa gramu 0.24 ukiungua wote unatoa unga mweupe wa gramu 0.40. Ongezeko ni gramu 0.16, na ndilo somo lenyewe: kitu kilichoungua kimekuwa kizito kwa sababu kimechukua oksijeni. Mizani ya gramu 0.1 itasema 0.1 au 0.2, na hakuna hesabu ya fomula itakayosimama juu ya namba hiyo. Hapa makosa ya mkono pia ni mengi. Kifuniko kikiinuliwa sana, moshi mweupe unatoka na uzito unapungua. Kisipoinuliwa kabisa, hewa haiingii na magnesi inabaki nusu. Kijungu kikiwekwa kwenye mizani kingali cha moto, hewa inayopanda kando yake inakiinua kidogo na kinasoma chepesi kuliko kilivyo. Tena joto hilo linaharibu kihisi kilicho chini ya sahani. Kinapaswa kupoa hadi mtu aweze kukigusa kwa mgongo wa mkono bila kushtuka.

Mrututu, yaani kopa salfeti, nao unadai usahihi huo huo. Gramu 2.50 za fuwele za buluu, zikipashwa polepole hadi ziwe nyeupe, hupoteza maji ya gramu 0.90. Moto ukizidi, unga unaanza kuwa mweusi. Hapo chumvi yenyewe imevunjika, na uzito unaopotea si wa maji tena. Kwenye biolojia, vipande vya kiazi mviringo vilivyolowekwa katika maji ya chumvi hupimwa kabla na baada, na tofauti huwa sehemu ndogo ya gramu. Asiyekausha kipande kwa karatasi kabla ya kukirudisha kwenye mizani anapima maji ya juu ya ngozi, si yaliyopita kwenye chembehai.

Ndugu kadhaa wamejitolea kutuletea mizani ndogo za mfukoni, zile wanazotumia masonara, ambazo nazo zimeandikwa gramu 0.01. Tunawashukuru kwa moyo, lakini tunaomba fedha hizo ziingie kwenye mfuko wa pamoja. Nyingi za mizani hizo hujirudisha sifuri zenyewe kila zinapohisi badiliko dogo. Mwanafunzi akidondosha unga chembe kwa chembe, mizani inadhani ni mtikisiko, inaufuta, na kioo kinabaki 0.00 huku unga ukijaa. Nyingine hujizima baada ya muda mfupi katikati ya kazi, na uzito wa chombo uliokwisha kuondolewa unapotea.

Sasa mawe ya mizani, yale ya kuikagulia. Hili ndilo fungu ambalo wachangiaji wengi hulipita, na kwetu lina uzito kuliko mizani zenyewe. Mizani ya kielektroniki haipimi tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, moja kwa moja; inapima nguvu inayosukuma sahani, kisha inageuza nguvu hiyo kuwa gramu. Nguvu ya uvutano wa dunia haiko sawa kila mahali. Mizani iliyorekebishwa London, ikiletwa huku karibu na ikweta na juu milimani bila kurekebishwa upya, itasoma jiwe la gramu 100 kama gramu 99.6 hivi. Hata iliyorekebishwa Dar es Salaam usawa wa bahari, ikipandishwa mita 1,900 kama Njombe, itapungukiwa takriban gramu 0.05 kwa kila gramu 100. Kwa chombo kinachojinadi kusoma 0.01, huko ni kukosea mara tano ya kipimo chake. Dawa yake ni jiwe la kweli, lililo hapa hapa, na kitufe cha kurekebisha. Mizani ya mihimili haina tatizo hili, kwa kuwa uvutano unavuta pande zote mbili za egemeo sawasawa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuitaka. Sababu nyingine ni umeme kukatika, na pia kwamba mwanafunzi anaona kwa macho kanuni ya momenti (nguvu mara umbali kutoka egemeo) ikifanya kazi.

Tunaomba mawe mawili ya daraja F2, la gramu 100 na la gramu 200, pamoja na seti moja ya daraja M1 ya mazoezi. Jiwe la gramu 100 la F2 linaruhusiwa kukosea miligramu 1.6 tu, la M1 miligramu 5. Mawe ya F2 yatapelekwa kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania na kurudi na cheti. Ni nafuu kusafirisha jiwe kuliko kusafirisha mizani nne, na mizani ikisafiri inaweza kuharibika marekebisho njiani. Jiwe halishikwi kwa vidole, kwa maana mafuta na jasho la mkono vinabaki juu yake na baadaye vinalitafuna. Linashikwa kwa kibanio chenye ncha za plastiki na kurudishwa kwenye kasha lake.

Meza ni jambo fupi. Mizani ikikaa kwenye meza ya mbao inayoandikiwa na wanafunzi wengine, namba hazitulii. Tutajenga meza mbili za zege, kila moja ubao wa sentimita 120 kwa 60 na unene wa sentimita 5, juu ya kuta mbili za tofali, kimo sentimita 85, mbali na mlango, feni na dirisha linalopigwa na jua. Chini ya kila mizani patawekwa kipande cha mpira. Anayetaka kuchangia vifaa badala ya fedha alete hapa: saruji mifuko 3, tofali 24 za inchi 6, nondo za milimita 8, au siku mbili za fundi.

Makisio yamekaa hivi, na bei zote ni za ukomo ambao kamati haitauvuka bila kurudi kwenu. Mizani 4 za kielektroniki kwa shilingi 450,000 kila moja ni 1,800,000. Mizani 4 za mihimili mitatu kwa 230,000 ni 920,000. Mizani 12 za springi za nyutoni 10, kwa 15,000 kila moja, ni 180,000. Hizi ndizo zinazomfundisha mtoto kutofautisha tungamo ya gramu na uzito wa nyutoni, maneno ambayo sokoni huchanganywa. Mawe ni 340,000, ugezi pamoja na nauli 150,000, meza 380,000. Vikinga upepo, adapta, betri, brashi, visahani vya kupimia na vibanio ni 170,000.

Kabla ya kulipa muuzaji, walimu wa kemia na fizikia watafanya majaribio matatu kwenye kila mizani ya kielektroniki, na isiyopita inarudi. Kwanza itawashwa na kuachwa dakika 30 ipate joto, isawazishwe kwa kipovu chake, kisha jiwe la gramu 200 lipimwe mara 10. Namba zisipishane zaidi ya gramu 0.02. Pili, jiwe la gramu 100 litawekwa katikati ya sahani, kisha kwenye pembe nne moja moja. Mizani inayosoma tofauti pembeni huenda ina kihisi kilichopinda. Tatu, itaachwa na jiwe juu yake kwa dakika 15 kuona kama namba inateleza. Kwa zile za mihimili tutatazama kama ncha ya egemeo ni safi na kama vitelezi vinakaa barabara kwenye meno yake. Kitelezi kilichokaa nje ya jino ndilo kosa la kwanza la wanafunzi, na husababisha makosa ya gramu kadhaa bila mtu kutambua.

Matunzo yatakuwa na mtu mmoja mwenye daftari. Kila Jumatatu fundi sanifu wa maabara ataweka jiwe la gramu 100 kwenye kila mizani na kuandika namba aliyosoma. Ikipotoka zaidi ya gramu 0.02 inarekebishwa, na ikirudia wiki inayofuata inatolewa kwenye matumizi. Kemikali hazitawekwa moja kwa moja kwenye sahani. Haidroksaidi ya sodiamu, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kulowa mbele ya macho, itapimwa ndani ya bika na kufunikwa upesi. Punje yake moja iliyosahaulika inaweza kutafuna sahani. Betri zitatolewa kila likizo, maana zikivuja zinaharibu mizani nzima. Daftari hilo liko wazi kwa mzazi yeyote atakayefika.

Michango ilipwe kwa namba ya malipo inayotolewa na ofisi ya uhasibu ya shule, na kila mchangiaji adai stakabadhi. Tafadhali msitume fedha kwenye simu ya mwalimu wala mwanakamati yeyote, hata kama mnamfahamu. Shilingi 15,000 ni mizani nzima ya springi. Darasa la wahitimu likichanga kwa pamoja 230,000 au 450,000, mizani hiyo itaandikwa mwaka wao wa kuhitimu ubavuni, kwa rangi na si kwa kukwaruza.

Fedha zisipotimia tutanunua kwa mpangilio huu: mawe na ugezi wake, meza moja, mizani mbili za kielektroniki, mbili za mihimili, halafu zilizobaki kwa jozi kadiri michango inavyoingia. Zikizidi, ziada itanunua utepe wa magnesi, mrututu na sodiamu kaboneti vya kutosha mwaka mzima, pamoja na tanuri dogo la kukaushia, kwa sababu sodiamu kaboneti iliyovuta unyevu kwenye chupa itadanganya hata mizani iliyo bora.