Kabla hujashika mimba nyingine

Uyole, Mbeya

Rafiki yangu mpendwa,

Pole sana, mwenzangu. Dada yako aliponiambia kwamba na mimba hii nayo imetoka, nilishindwa hata kuendelea kupika. Pole pia kwa maneno ya ukweni huko Njombe. Hapa hakuna mkono wa mtu, wala si ndoo za maji ulizobeba. Ni lupasi, huu ugonjwa wetu wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe.

Umeshapimwa kingamwili za antifosfolipidi? Baadhi yetu wenye lupasi tunazo. Zinafanya damu igande ovyo na kuharibu kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula na hewa, mimba inatoka. Ni kipimo cha damu, na zikionekana kinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi ili daktari athibitishe.

Mimi walinikuta nazo. Mimba ya mwanangu niliilea kwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini za kuzuia damu isigande, najidunga mwenyewe kila siku. Unaikunja ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, unachoma, unasukuma dawa taratibu. Tumbo lilijaa madoa, mengine ya bluu, mengine yameshakuwa ya kijani. Baba watoto alikuwa anageukia ukutani, hawezi kutazama. Wapo wanaopoteza hata kwa dawa hizo, sikufichi, ila nafasi ya kumpata mtoto inaongezeka sana.

Halafu nasikia umeacha haidroksiklorokwini ukihofia mtoto. Jamani, hiyo usiache! Ndiyo inayotuliza lupasi, na inatumika ujauzito wote. Za kuogopa ni methotreksati na maikofenoleti, ambazo daktari anazibadilisha mapema, kabla hujashika mimba. Usijiamulie mwenyewe.

Madaktari wanataka pia ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6, hasa figo. Kwa hiyo ongea na mumeo, mtumie uzazi wa mpango kwa sasa, ila uepuke vidonge vyenye homoni ya estrojeni mpaka majibu ya hizo kingamwili yatoke, kwa sababu ya hiyo damu kuganda. Ukishika mimba, nenda kliniki mapema, wapime presha na protini kwenye mkojo kila hudhurio. Kifafa cha mimba kinatunyemelea sisi kuliko wengine.

Njoo huku twende wote hospitali ya rufaa. Panda basi la asubuhi, ushuke Uyole, nitakuwa stendi. Beba kadi zote za kliniki na majibu ya zamani, hata yale ya figo. Na koti zito, baridi ya huku unaijua.

Nijibu upesi.

Ni mimi mwenzako wa bweni